Utulivu, Nyongeza Asilimia Tano

Tumati, Jumanne 14 Januari 2025

Mpwa wangu Ernestina,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, na kwa yeyote atakayeichungulia barua hii kabla yako, kwamba bahasha uliyompa kondakta imewasili Tumati ikiwa na ripoti ya uthamini ya kurasa kumi na nne, pini moja iliyopinda, na doa la mafuta ya maandazi lenye ukubwa wa kisahani, lililotua juu ya paa la nyumba unayotaka kumnunulia mama yako. Nimelipima doa hilo kwa rula. Kama linaongeza au kupunguza thamani ya paa, mthamini hakusema.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unauliza kwa nini tusiongee kwa simu. Mwanangu, ukiongea na simu hapa kwangu mtaa mzima unaongea nawe. Karatasi inakaa kimya hadi ifunguliwe. Miaka thelathini na moja nilikuwa tarishi wa ofisi ya ardhi. Ripoti za namna hii nimezibeba kwa baiskeli, kwa miguu, na mara moja ndani ya shati mvua ikininyeshea. Kuzisoma hakunifundisha mtu, nilijifunza koridoni nikisubiri sahihi. Ila barua yenye jina la mtu, iliyofungwa kwa gundi, sikuwahi kuifungua hata moja. Nilibeba tu.

Sasa tuingie. Usianze na bei. Wote wanaanza na bei, ndiyo maana wanalia. Anza na tarehe ya ukaguzi na jina la aliyemwongoza mthamini. Hapa imeandikwa: "Mali ilioneshwa na muuzaji, Bw. Marko." Maana yake macho ni ya mthamini lakini miguu ni ya muuzaji. Huyu mthamini, Bwana Wilbard, anatoka mkoa mwingine. Anaona vizuri matofali.

Ukurasa wa tano ni ulinganisho. Ametafuta nyumba tatu zilizouzwa karibuni huku kwetu, akazipanga kando ya hii, akaongeza hapa na kupunguza pale. Kutoka hapo anapata thamani ya soko, yaani bei ambayo mtu asiye na haraka angeuza kwa mtu asiye mjinga. Milioni ishirini na nne. Chini yake kuna thamani ya mauzo ya haraka. Hiyo si ya kwako, ni ya Saccos yenu, siku ukishindwa kulipa mkopo wakaiuza kwa hasira. Usiichukulie kuwa ni punguzo.

Matofali ya kuchoma, bati la geji ishirini na nane, hati ya hakimiliki ya kimila ipo. "Hakuna deni wala zuio lililoandikishwa." Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Ni ya kweli.

Najua kinachokusumbua si bati. Shemeji za mama yako kule Masieda wamempa hadi Pasaka awe ameondoka kwenye nyumba aliyoipiga udongo kwa mikono yake. Dada yangu alizaliwa Tumati, na arudi Tumati. Nyumba ni nzuri. Ninunulie kalamu nyingine, hii inatapika wino.

Mjomba wako,
Onesphory Hhando, tarishi mstaafu


Balangdalalu, 22 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma maelezo yako nikiwa zamu hapa zahanati, nikacheka peke yangu mbele ya mama mjamzito. Samahani kwa doa. Maandazi yalikuwa ya kondakta, siyo yangu.

Nimefuata ulivyosema, sikuanza na bei. Lakini nimefika kwenye bei. Kama soko ni milioni ishirini na nne, mbona huyu Marko anauza kumi na nne? Hata ile ya hasira ya Saccos ni kumi na saba. Anauza kwa hasira kuliko Saccos. Ana ugomvi na nani?

Halafu ukurasa wa nane, kipengele cha mazingira: "Majirani hawakupatikana kwa mahojiano." Siku mbili, Mjomba, kijijini, hakupatikana jirani hata mmoja? Mimi nikichemsha chai tu hapa wanapatikana wanne. Na chini yake ameandika: "Mtaa una utulivu wa hali ya juu. Katika siku zote za ukaguzi hakuna mtu aliyepita uani." Akaongeza thamani asilimia tano kwa ajili hiyo. Hivi utulivu nao unapimwa?

Pia picha namba sita haipo. Kuna kiboksi tu, na chini yake "upande wa kaskazini." Nilimpigia Bwana Wilbard, akasema simu yake iliishiwa chaji, atarudi kuipiga siku akipita huko.

Mjomba, mkopo huu nitaulipa miaka sita. Sina mwingine wa kumuuliza. Mama ananiambia popote nitakapomweka atakaa. Yeye hajawahi kudai kitu maisha yake yote, ndiyo maana wamemfukuza kirahisi. Niambie ukweli: ninunue?

Mwanao,
Ernestina


Tumati, 3 Februari 2025

Mwanangu Ernestina,

Kalamu imefika. Inaandika kama nesi, haraka na haisomeki.

Maswali yako ni ya mtu aliyesoma. Nakujibu. Marko anahamia Kiteto kwa mwanawe, ana mashamba huko, na mtu anayehama huwa anaona nyumba kama mzigo wa njiani. Hiyo ni sababu ya bei. Majirani hawakupatikana kwa kuwa ilikuwa wiki ya palizi. Picha namba sita ni ya ukuta. Ukuta wa kaskazini ni kama ule wa kusini, isipokuwa hauoni jua.

Kuhusu utulivu: mthamini wa mjini akikaa mahali asisikie honi, anaongeza asilimia. Ni ugonjwa wao.

Nitakwambia jambo nililojifunza koridoni. Ripoti haidanganyi kwa maneno, maana maneno yana sahihi na muhuri. Kama kuna kitu, utakikuta kwenye kiboksi kitupu. Lakini wakati mwingine kiboksi kitupu ni simu iliyoishiwa chaji tu.

Nunua, mwanangu. Tangu mke wangu Agatha afariki nyumba yangu ina viti vinne na mkaaji mmoja. Dada yangu akiwa mita mia tatu kutoka kwangu, nitapata mtu wa kunigombeza.

Onesphory Hhando


Balangdalalu, 17 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimenunua. Saccos wamelipa, Marko amesaini, mtendaji wa kijiji amegonga muhuri mara tatu, mmoja ukatua kwenye kidole chake. Marko ataondoka Jumatatu ya Wiki Kuu, Mama ataingia baada ya Pasaka.

Siku ya kusaini Marko alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipompa mkono aliniuliza, "Wewe ni wa Onesphory?" Nikamwambia ni mjomba wangu. Akasema, "Basi mwambie nitaacha mambo yamenyooka." Sikumwelewa. Nadhani alimaanisha usafi wa nyumba.

Saccos bado wanadai ile picha namba sita. Faili halifungwi bila picha.

Ernestina


Tumati, Jumapili 25 Mei 2025

Mwanangu mpendwa Ernestina

Mimi mama yako ni mzima sijui hali yako wewe uliye mbali nami. Dhumuni la barua hii ni kukusalimu. Ninaandika mwenyewe, kile kisomo cha watu wazima kumbe hakijaisha kichwani. Nimempa kondakta mkononi.

Nyumba ni nzuri. Bati halivuji. Ukuta nimeugonga kila mahali kwa ngumi hausemi kitu. Nimepanda maharage nyuma na maboga.

Simu yangu imezima ndiyo sababu hunipati. Pale dukani wanapochaji wamesema nafasi imejaa. Nimeenda mara nne imejaa. Na mashine ya kusaga mkanda wake umekatika. Nimekwenda siku tatu tofauti umekatika. Lakini usihangaike mjomba wako ananisagia anaacha unga juu ya jiwe pale getini.

Jumuiya wanasali nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Zamu yangu imerukwa mara mbili katekista anasema karatasi ya zamu ililowa. Nimefagia tu hivyo hivyo.

Nilimwona Getruda. Tulicheza naye tukiwa wasichana, tulichota maji kisima kimoja. Alikuwa na ndoo kichwani akatazama upande wa pili. Labda macho yake yameharibika, ni mtu mzima sasa.

Mjomba wako anakuja kila Jumapili. Anasimama nje ya uzio wa minyaa ananiamkia kwa sauti tunaongea habari za mvua. Nikimwambia ingia anasema miguu yake ina tope. Wiki iliyopita hapakuwa na tope.

Hapa ni kimya kizuri. Lipa mkopo wako taratibu usijinyime chakula.

Mama yako
Bernadina


Balangdalalu, 8 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimepata barua ya Mama. Mwanzo nilifurahi kuona mwandiko wake, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili. Nilipoisoma mara ya tatu nikaacha kufurahi.

Mkanda wa mashine hukatika, ndiyo. Lakini wa Tumati unakatika kila Mama akifika na debe? Karatasi ya jumuiya imelowa, na mahali pa kuchaji pamejaa. Mjomba, mimi ni mwuguzi. Mgonjwa akiniambia vidogo vitatu huwa natafuta kikubwa kimoja.

Na wewe unasimama nje ya uzio. Kwa nini?

Nimeomba likizo wamesema hadi Oktoba, wauguzi tuko wawili tu zahanati nzima. Nakuuliza kama mtoto wako: kuna kitu kwenye ile nyumba?

Ernestina


Tumati, 20 Juni 2025

Mwanangu,

Kuna kitu: watu wa Tumati ni wazito wa kuzoea. Dada yangu aliondoka hapa akiwa binti, amerudi na mvi, na wao wanahitaji muda wa kuhakikisha kwamba ni yule yule. Mpaka waridhike, unga atapata. Nausaga mimi, naupeleka mimi. Mwenye mashine hajawahi kuniambia mkanda umekatika.

Kuhusu kusimama nje: nina umri wa miaka sitini na sita na goti bovu. Geti lile lina kizingiti.

Usiniandikie kama mpelelezi. Barua zimenichosha siku hizi. Nina bahasha mbili za wazee wa kitongoji mezani, zimefungwa kwa gundi, sijazigusa. Wananiita kwenye mkutano. Sitakwenda. Najua watakachoniuliza, na sijapata jibu lake. Nimeziweka chini ya redio.

Yatapita. Mambo haya huwa yanapita yenyewe mhusika akiondoka.

Mjomba wako,
Onesphory


Tumati, Jumapili 10 Agosti 2025

Mwanangu Ernestina

Mimi ni mzima wa afya. Nguo uliyotuma imenitosha.

Nina habari. Nimeuza wale mbuzi wangu wawili niliotoka nao Masieda nimekwenda mnadani nimenunua kandama. Ni dume. Kadogo bado, kana miguu mirefu kama ya meza. Nilikaleta mwenyewe kwa kamba njia nzima nikapumzika mara saba. Watu walikuwa wanatuangalia. Yule mzee Tadei, mwenyekiti wa wazee, alisimama kabisa akaangalia kandama akaniangalia mimi akataka kusema kitu kisha akaondoka.

Ninakakatia majani upande wa kaskazini wa nyumba, kule hakuna jua majani ni mabichi muda wote. Pana mteremko lakini ninashika ukuta.

Sijakapa jina. Huyu hapewi jina. Wanasema dume linafaa likifika miaka mitatu, mimi nitasubiri. Nimezoea kusubiri.

Usimwambie mjomba wako nilichoandika. Au mwambie nina ndama basi.

Jumuiya bado.

Mama yako
Bernadina


Balangdalalu, 2 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Mama ana ndama! Amenunua mnadani, amemvuta mwenyewe hadi nyumbani. Nimefurahi, angalau ana mwenzake wa kuongea naye. Anasema atamfuga hadi miaka mitatu. Mtu anayepanga ya miaka mitatu hajakata tamaa, nimejisemea hivyo, na ndiyo maana sikuendelea kukusumbua na maswali yangu ya Juni, ingawa hukuyajibu.

Leo nina kazi moja kwako. Saccos wamenipa onyo la mwisho juu ya picha namba sita. Bwana Wilbard atapita Tumati Jumanne tarehe 16, asubuhi. Anapiga picha na kuituma ofisini hapo hapo kwa simu, wanaibandika kwenye faili, basi, tumemaliza. Naomba umwambie Mama mapema afyeke kidogo upande ule na amfunge ndama mbali.

Lakini Mjomba, naomba uingie ndani ukamwambie. Usisimame nje. Kizingiti ni cha tofali moja, nimekiona kwenye picha namba mbili.

Ernestina


Tumati, Jumatano 24 Septemba 2025

Ernestina,

Ijumaa kaburini kwa mama yako uliniuliza mbona wachimbaji ni wanne tu: mimi, Bwana Wilbard, na wale wahudumu wawili uliokuja nao kutoka zahanati. Uliniuliza mbona kijiji kizima kimesimama barabarani kama watu wanaosubiri basi, na ukituacha sisi, padre peke yake ndiye aliyevuka geti. Nilikuwa na chepe mkononi, na nilijificha nyuma ya chepe.

Nakujibu sasa.

Mke wangu Agatha alifariki Februari 2023. Unajua desturi yetu: kukiwa na maiti haijazikwa, hakuna jembe linalogusa udongo kitongoji kizima. Marko alikuwa amengoja trekta la kukodi wiki tatu, na zamu yake ikaangukia siku ile ya maziko. Akalima. Tulikuwa kaburini, padre akifungua mdomo tunasikia trekta. Sikusikia sala hata moja ya kumzika mke wangu.

Nilisimama mbele ya wazee nikamshitaki. Nilitaka faini ya dume la ng'ombe. Akakataa, akasema mvua haisubiri msiba. Wazee wakamtenga. Asipewe moto, asisagiwe, asisalimiwe, mtu asivuke geti lake, hadi dume litoke ndani ya ua ule, mimi mlalamikaji nilione kwa macho yangu, ndipo lichinjwe na ua ufunguliwe. Miaka miwili hakutoa. Miaka miwili nilipita pale nikiona nyasi zinaota njiani kwake, na nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi.

Halafu akataka kuuza, na wewe ukaniletea ripoti. Kila kitu kilikuwamo, Ernestina. Majirani hawakupatikana. Hakuna mtu aliyepita uani. Zuio "lililoandikishwa" halikuwepo, maana hili halikuandikishwa popote ila vichwani mwetu. Yule mgeni aliona kila kitu na akakiongezea asilimia tano, na mimi niliyejua nikakuandikia habari za doa la maandazi.

Nilitaka Marko aondoke. Nilitaka dada yangu awe karibu. Nilidhani akiondoka yeye, kutengwa kunaondoka naye kwenye lori pamoja na vitanda. Kumbe uliotengwa ni ua. Aliyemo ndani ya ua ndiye aliyetengwa. Na mimi mwenyewe niliyeomba utengwe ndiye ningekuwa wa kwanza kuvuka geti? Nilisimama nje.

Ili ua ufunguliwe ungebidi ununue dume, nawe ungejua. Kukuomba dume kulikuwa sawa na kukwambia. Nikawa nasema wiki ijayo.

Kuna moja zaidi. Jumapili ile, tarehe 14, nilikwenda kama kawaida. Nilikuwa nimekusudia kuingia, kama ulivyoniomba. Nikasimama kwenye uzio, nikaita, "Dada, shikamoo!" Kimya. Nikaita tena. Ndama alikuwa analia nyuma ya nyumba, analia kweli kweli. Nikajisemea ndama hulia. Nikajisemea dada amekwenda kanisani Misa ya pili. Nikaweka unga juu ya jiwe, nikarudi nyumbani.

Daktari alisema nyonga ilivunjika alipoteleza kwenye mteremko, na kwamba hakufariki siku ile ile aliyoanguka. Hukunitazama aliposema.

Onesphory


Balangdalalu, 5 Oktoba 2025

Mjomba,

Nimeipata barua yako siku kumi zilizopita. Nimengoja hadi niweze kuandika bila kuchana karatasi.

Mama alijua. Nimekuta daftari lake chini ya godoro, lile la kisomo. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Ua huu umetengwa. Nimejua wiki ya kwanza. Masieda tuliwafanyia watu hivi na mimi nilikuwemo. Ernestina asiambiwe maana ana mkopo. Ndugu yangu atasema mwenyewe akiwa tayari." Chini yake amepiga mistari, kila mwezi mstari mmoja, kuanzia ndama aliponunuliwa. Iko miwili. Pembeni ameandika "Agosti 2028, dume." Alikuwa anamfuga aje amtoe, Mjomba. Alikuwa anakata majani ya faini yako.

Mlikuwa mnaongea habari za mvua, wote wawili mnajua.

Saccos wamefunga faili. Wamenipa nakala. Bwana Wilbard alifika, akamwona Mama ameketi ameegemea ukuta, akafikiri anapumzika. Akapiga picha, akaituma, ndipo akamwamkia. Alinieleza akilia, mtu mzima. Lakini ofisini walikuwa wameshaipokea na kuibandika. Picha namba sita, upande wa kaskazini. Maelezo chini: "Ukuta imara, hauna nyufa. Mkaaji anaonekana akipumzika." Thamani haijabadilika. Ile asilimia tano bado ipo.

Nina kaburi la mama yangu ndani ya ua ambao mtu haingii. Sitaliacha hivyo. Nitakopa tena, nitanunua dume la miaka mitatu, nitalitoa mwenyewe kwenye geti lile mbele yao wote. Sikuombi msamaha wala sikupi. Nakuomba kazi ya tarishi tu: nenda kwa mzee Tadei, muulize wanataka dume la namna gani na siku gani, uniletee jibu.

Ernestina


Tumati, Jumapili 12 Oktoba 2025

Ernestina,

Nimekwenda kwa Tadei jana asubuhi. Alikuwa anakamua. Hakuinuka kunipokea.

Nikamwambia, "Mzee Tadei, nimetumwa na mpwa wangu. Anauliza dume la namna gani."

Akaendelea kukamua. Akasema, "Onesphory, miezi sita hukuja. Mikutano mitatu tumekaa, tumekusubiri, tumeondoka. Tukasema huyu ana moyo wa jiwe, hata kwa dada yake wa tumbo moja hasamehi. Na nani atamsukuma mtu aliyefiwa na mke? Tukanyamaza. Yule mama alipopita na kandama nilitaka kumwambia, nikasema si kazi yangu, ni ya ndugu yake."

"Kumwambia nini?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe barua huwa unazibeba tu? Husomi? Rudi ukasome zako, ndipo uje uniulize habari ya dume."

Nimerudi. Bahasha za wazee zimekuwa tatu sasa. Nimetoa redio juu yake, nimezifungua kwa kisu cha mboga. Ya tatu inaikumbusha ya pili, na ya pili inaikumbusha ya kwanza.

Usikope. Ya kwanza ni ya tarehe 12 Aprili. Inasema jana yake Marko alitoa dume getini, wamelipokea, liko zizini kwa Tadei, na ua utafunguliwa siku nitakayokwenda kuliona.

Onesphory